Jeni na kupona sepsisi: shajara ya mradi

Februari, mwanzoni

Itifaki imepita, na swali letu sasa limo kwenye maandishi: kati ya watu waliokwisha kuugua sepsisi, tofauti za kurithi zina sehemu gani katika kuamua nani atakuwa hai siku ya 28? Naanza kuandika humu ili atakayeipokea kazi hii baadaye aone kila uamuzi ulitoka wapi.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Sepsisi huanza na maambukizi, yawe ya bakteria, virusi au fangasi, lakini kinachoua si mdudu peke yake. Kinga ya mwili huitikia, kisha mwitikio huo hupotoka na kuanza kuharibu mapafu, figo, ini, ubongo na mishipa ya damu ya mgonjwa mwenyewe. Tunafuata vigezo vya 2016, vinavyotaka alama za SOFA, yaani kipimo cha jinsi viungo vinavyoshindwa kazi, zipande kwa 2 au zaidi kutokana na maambukizi. Mshtuko wa sepsisi ni hatua ya mbele zaidi: presha haishiki bila dawa ya kuipandisha, na laktati ya damu, asidi inayopanda tishu zinapokosa oksijeni, imezidi 2 mmol/L hata baada ya mgonjwa kupewa maji ya kutosha. Kwa waliofika hapo, zaidi ya 40 kati ya 100 hufia hospitalini. Makadirio ya dunia nzima kwa mwaka 2017 ni wagonjwa milioni 48.9 na vifo milioni 11, karibu kifo kimoja katika kila vitano vilivyotokea mwaka ule.

Kwa nini jeni? Kila daktari wa wodi ya wagonjwa mahututi amewahi kuona wagonjwa wawili wa umri mmoja, wenye nimonia ya bakteria wa aina moja, walioanzishiwa antibayotiki ile ile mapema, mmoja akatoka kwa miguu yake na mwingine akafa. Ushahidi wa urithi ninaouheshimu kuliko mwingine wote hauna kipimo cha DNA hata kimoja. Ni utafiti wa Denmark uliochapishwa 1988, uliofuatilia watoto walioasiliwa, waliozaliwa kati ya 1924 na 1926. Mtu ambaye mzazi wake wa kumzaa alikufa kwa maambukizi kabla ya kutimiza miaka 50 alikuwa na hatari ya kufa kwa maambukizi mara 5.8 ikilinganishwa na wenzake. Mzazi mlezi akifa kwa maambukizi, hatari ya mtoto haikupanda.

Hata hivyo, kufa kwa maambukizi ni mambo mawili yaliyofuatana: kuugua, kisha kushindwa kupona. Utafiti ule haukuyatenganisha, na wala haukukusudia. Sisi tunaishughulikia nusu ya pili tu. Nayaandika haya siku ya kwanza kwa sababu nahisi kazi yetu ngumu haitakuwa kuzisoma jeni. Itakuwa kujua ni watu gani hasa wamo kwenye hesabu.

Februari, mwishoni

Wiki ya kusoma makala za zamani. Miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000 watafiti walichagua jeni moja wanayoishuku, wakapima eneo moja ndani yake, wakalinganisha waliokufa na waliopona. Jeni ya TNF ilikuwa chaguo la wazi, kwa kuwa protini yake ni kati ya kengele za kwanza kabisa kulia pale kinga inapogundua bakteria. Mwaka 1999, utafiti wa wodi za mahututi za Ufaransa ulitoa matokeo yaliyosisimua: kati ya waliokufa kwa mshtuko wa sepsisi, 52% walikuwa na aleli, yaani toleo la jeni, iitwayo TNF2, na kati ya waliopona ni 24% tu. Wagonjwa walikuwa 89. Tafiti zilizofuata hazikukubaliana, na hadithi kama hiyo ilijirudia kwa jeni nyingine nyingi.

Nimetaka kuona kwa hesabu kwa nini ilikuwa hivyo. Tukipima jenomu nzima, yaani DNA yote ya mtu, kizingiti cha kukubali matokeo ni thamani ya p (uwezekano wa bahati tupu kutoa matokeo kama hayo) chini ya 5×10⁻⁸, kwa kuwa tunauliza swali lile lile mara mamilioni. Tukitaka uwezekano wa 80% wa kuligundua jambo lililopo kweli, idadi ya vifo inayohitajika inakaribia 39.6 ikigawanywa kwa 2q(1−q) mara mraba wa logi asilia ya uwiano wa hatari, ambapo q ni kiwango cha aleli katika watu. Aleli ikiwa na kiwango cha 20%, na kila nakala yake ikizidisha hatari ya kufa mara 2, tunahitaji vifo 258 hivi. Ikizidisha mara 1.5, vifo 753. Ikizidisha mara 1.3, vifo karibu 1,800, na kama robo ya wagonjwa hufa, hao ni wagonjwa 7,200. Aleli ikiwa adimu, tuseme 5%, yenye uwiano wa 1.5, tunahitaji vifo zaidi ya 2,500.

Kumbuka kwamba hesabu inahesabu vifo. Wagonjwa wengi wenye vifo vichache hawatusaidii kama tunavyodhani, na kila aliyekufa bila kuwa na sampuli anatutoa nguvu mara mbili: amepungua kwenye idadi, na amepungua upande ule unaobeba habari. Hatutaichukua njia ya jeni moja moja. Tunajiunga na makundi mengine yanayofanya kazi hii hii, na kila kundi litachambua kwa mpango mmoja uliofungwa kabla ya matokeo kuonekana.

Machi, mwanzoni

Nimeisoma kwa makini kazi ya 2015 kuhusu jeni ya FER iliyo kwenye kromosomu 5. Ni ya jenomu nzima, ya wagonjwa wa asili ya Ulaya, na ndiyo mfano wa karibu zaidi na tunachotaka kufanya. Kwa waliopata sepsisi kutokana na nimonia, aleli C katika eneo rs4957796 iliendana na kupona. Vifo vilikuwa 9.5% kwa wenye nakala mbili za C, 15.2% kwa wenye nakala moja, na 25.3% kwa wasio nayo kabisa.

Mambo mawili yamenishika humo. La kwanza: walipowaunganisha wagonjwa wa nimonia na wale wenye maambukizi ya tumboni, hakuna kilichobaki. Ishara iliyo wazi kwenye chanzo kimoja ilizama katika mchanganyiko. Kwa hiyo chanzo cha maambukizi hakitakuwa safu ya pembeni kwenye jedwali letu. Tutachambua nimonia peke yake, tumbo peke yake, njia ya mkojo peke yake, kabla ya kuviweka pamoja.

La pili: walipouliza tu kama mgonjwa amekufa au yu hai siku ya 28, thamani ya p ilikuwa 5.6×10⁻⁸, nje kidogo ya kizingiti. Walipouliza amekufa lini, ikashuka hadi 3.4×10⁻⁹. Wagonjwa ni wale wale na damu ni ile ile. Muda wa kufa una habari, na anayeutupa anaitupa habari hiyo.

Natia pia tahadhari. Kila nakala kupunguza hatari kwa 44% ni athari kubwa mno kwa aleli iliyoenea. Matokeo yanayovuka kizingiti kwa mara ya kwanza huwa yamesukumwa na bahati upande wa juu, hivyo atakayerudia atarajie kukuta kidogo zaidi. Mpango wetu utatumia athari iliyopunguzwa pale unapokadiria idadi ya wagonjwa.

Machi, mwishoni

Leo tumekaa na daktari wa wodi kupitia rejista ya uchunguzi, ile inayomwandika kila aliyetimiza vigezo, awe ameingizwa kwenye utafiti au hapana. Nikamwonyesha mistari iliyo mitupu upande wa kulia.

"Daktari, hawa wasio na namba ya sampuli ni akina nani?"

"Wengi waliingia usiku. Asubuhi mtu wa kuomba ridhaa anapofika, mgonjwa hayupo."

Nilizikagua safu zote baada ya hapo. Mistari hiyo haina umbo la bahati nasibu. Ina laktati za juu, ina dawa za presha zilizoanzishwa saa ile ile ya kupokelewa, na safu ya mwisho imeandikwa kifo. Kwenye faili la uchambuzi lililotayarishwa, watu hawa hawapo kabisa.

Madhara yake ni ya aina mbili, na nataka yasichanganywe. Kwanza ni saa. Kama saa ya kuishi inaanza mgonjwa anapotimiza vigezo, lakini anahesabiwa wa utafiti pale tu damu ya DNA inapochukuliwa, basi kati ya nyakati hizo mbili hakuna mtu wa utafiti anayeweza kufa, kwa kuwa akifa si wa utafiti. Tunakuwa tumewapa wote saa za uhai ambazo hazikuwa hatarini. Hili lina dawa: modeli ya Cox, hesabu ya hatari ya kufa kadiri muda unavyokwenda, inayomruhusu mtu aingie kwenye hesabu kuanzia saa ya sampuli yake, si kabla. Skripti imeshabadilishwa.

Pili ni jeni yenyewe, na hapa skripti haisaidii. Tuchukulie kuna aleli inayoua ndani ya saa chache za mwanzo. Wengi wa walioibeba wamekwisha ondoka kabla ya sindano ya utafiti. Wachache waliobaki ni wale waliokuwa na nguvu nyingine ya kuwabeba, labda ujana, labda figo nzima. Tukiwalinganisha hao na wagonjwa wengine, aleli itaonekana haina ubaya wowote. Kadiri jeni inavyoua haraka, ndivyo inavyojificha kwetu.

Njia pekee ni kuipata damu mapema. Kila anayepokelewa hutolewa damu ya kuhesabu chembe katika dakika za mwanzo, na mabaki ya chupa ile hutupwa. Tumeandika ombi kwa kamati ya maadili: mabaki yagandishwe, yasiguswe, mpaka mgonjwa au ndugu zake waombwe ridhaa kwa utulivu. Wakikataa, yanaharibiwa na inaandikwa kwamba yameharibiwa. Kwa aliyefariki, ndugu wataombwa baadaye, kwa heshima, na mtu aliyefunzwa kufanya hivyo. Si ombi jepesi, na kamati ina haki ya kutuuliza maswali magumu. Lakini kuwaacha waliokufa mapema nje ya sayansi inayodai kuwahusu naona ni dhuluma nyingine juu yao.

Aprili, katikati

Maabara. Mtaalamu wa DNA ametuletea orodha ya sampuli zilizoshindwa na kutuuliza kama azitoe, ndivyo kawaida ilivyo: chipu, kifaa cha kusomea jeni, ikishindwa kusoma sehemu kubwa ya maeneo yake, mtu anaondolewa.

Nilimwomba tuziweke orodha hizo kando ya hesabu za damu kwanza. Chembe nyekundu za mtu mzima hazina kiini, na chembe sahani hazina pia, kwa hiyo karibu DNA yote ya sampuli hutoka kwenye chembe nyeupe. Sepsisi kali huweza kuziangusha chembe nyeupe mpaka zikabaki kidogo sana, maana uboho umelemewa na zilizokuwepo zimekimbilia kwenye tishu. Mrija ule ule wa mililita chache unaotoa DNA tele kwa mgonjwa mmoja unatoa mchirizi tu kwa mwingine. Na wenye chembe nyeupe zilizoanguka ndio hufa zaidi. Kanuni ya usafi wa data inayoonekana haina upande inakuwa imewachuja wagonjwa kwa ukali wa ugonjwa.

Tumekubaliana hivi: kila sampuli yenye DNA kidogo inarudiwa kwa mate au usufi wa ndani ya shavu kabla ya kutangazwa kuwa imeshindwa. Zitakazoshindwa hata hapo zitabaki kwenye faili bila jeni lakini na majibu yake ya kitabibu, ili tuweze kuwapa waliobaki uzito unaofidia wasiokuwepo. Jambo jingine la kufuatilia ni waliowahi kuongezewa damu. Chembe nyeupe za mchangiaji zikiwamo, usomaji huonekana kana kwamba mtu ana mchanganyiko wa jeni usio wa kawaida. Damu iliyochujwa chembe nyeupe hupunguza tatizo. Tutaandika saa ya kuongezewa damu na saa ya sampuli kwa kila mmoja.

Aprili, mwishoni

Hii nimeifikiria siku nyingi na leo nimeiweka mbele ya timu. Vigezo vyenyewe vya kumwita mtu mgonjwa wa sepsisi vina jeni ndani yake.

Tuanze na vigezo vya zamani, vilivyohesabu chembe nyeupe chini ya 4,000 kwa kila mikrolita kama dalili. Kuna mabadiliko katika jeni ya ACKR1 yaliyoenea sana kwa watu wenye asili ya Afrika kusini mwa Sahara. Aliyeyarithi kwa wazazi wote wawili huwa na nyutrofili, aina ya chembe nyeupe, chache kwenye damu akiwa mzima kabisa, bila kudhoofika kwa kinga. Mtu huyo akija na homa ya kawaida, anaanza akiwa karibu na mstari. Anaingia kwenye orodha kwa urahisi kuliko mwingine, akiwa na ugonjwa mwepesi, na anapona. Aliyechambua jenomu nzima bila kulijua hili atatangaza kwamba amepata jeni ya kupona.

SOFA haihesabu chembe nyeupe, lakini nayo ina milango yake. Bilirubini, rangi ya njano ya damu inayoondolewa na ini, ikifika 20 µmol/L mgonjwa anapata alama 1, ikifika 33 anapata 2. Wenye aina fulani ya jeni ya UGT1A1 hutoa bilirubini taratibu tangu ujanani, nayo hupanda zaidi wakifunga kula au wakiugua, ingawa ini lao ni zima. Ndio wale wenye hali iitwayo Gilbert. Vigezo vya 2016 vinataka tupime mabadiliko kutoka hali ya kawaida ya mtu, lakini pale hali hiyo haijulikani tunaruhusiwa kuichukulia kuwa sifuri, na kwa wagonjwa wengi haijulikani. Basi mtu wa Gilbert anaweza kupewa alama za kushindwa kwa ini ambazo hakuzistahili.

Uamuzi: uchambuzi mkuu unabaki na SOFA kamili, ili tulinganishwe na wengine. Kando yake tunarudia kila kitu bila alama za ini, kisha bila alama za chembe sahani, kisha kwa wenye mshtuko tu. Eneo la jeni litakalotoweka pale tunapoondoa kipimo kimoja tutaliripoti kwa jina lake, kwamba ni jeni ya kipimo.

Mei, mwanzoni

Nimetengeneza watu wa kubuni ndani ya kompyuta, wengi kadiri mashine ilivyoweza. Nimewapa jeni moja inayoongeza uwezekano wa kupata sepsisi na isiyogusa kifo kwa namna yoyote. Nikawapa pia udhaifu wa mwili, usiopimwa na mtu, unaoongeza yote mawili: kuugua na kufa. Kisha nikawatupa wazima wote na kubaki na wagonjwa tu, kama tunavyofanya katika utafiti halisi.

Jeni ile ikaonekana inaokoa maisha. Maelezo yake ni haya. Mwenye jeni ya kuugua hahitaji udhaifu mwingi ili aanguke, jeni imeshafanya kazi hiyo. Asiye nayo akiugua, aghalabu ni kwa sababu mwili wake ulikuwa dhaifu sana. Ukiwaweka wote wawili kwenye vitanda, wenye jeni ndio wenye miili imara zaidi, na ndio watakaopona. Nilipouingiza udhaifu kwenye modeli, ulinzi wote ukayeyuka. Katika maisha halisi hatuna safu inayoitwa udhaifu. Tuna umri, kisukari, ukimwi, saratani na ugonjwa wa figo, navyo hugusa sehemu tu.

Kwa hiyo hatutatangaza jeni yoyote ya kupona bila kuiuliza swali jingine: je, inahusika pia na kuugua? Jibu linahitaji watu wa kulinganisha wasio wagonjwa, kutoka jamii ile ile. Hawakuwa kwenye bajeti ya kwanza. Sasa wamo.

Biolojia nayo inatuonya hivyo hivyo. Panya wa ukoo wa C3H/HeJ huvumilia dozi ya sumu ya ukuta wa bakteria inayowaua panya wengine. Mwaka 1998 timu ya Bruce Beutler ilionyesha kwamba wana hitilafu katika jeni ya TLR4, ambayo ndiyo huitambua sumu ile, na kazi hiyo ni sehemu ya kilichompatia Nobeli ya 2011. Lakini wape panya hao bakteria hai wa kundi lenye sumu hiyo na wanakufa upesi, maana hawamwoni adui anapoingia. Jeni moja inaokoa kwenye dhoruba ya kinga na inaua kwenye maambukizi. Ukiuliza kama ni nzuri au mbaya bila kusema ni hatua ipi ya ugonjwa, umeuliza swali lisilojibika.

Mei, mwishoni

Mjadala mrefu kuhusu asili za wagonjwa. Jeni nyingi za kupona sepsisi zilizowahi kutangazwa zilitafutwa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Chipu za jeni hazisomi kila herufi. Husoma maeneo machache, kisha kompyuta hukadiria yaliyobaki kwa kulinganisha na kundi rejea la watu waliosomwa kikamilifu. Kwa watu wenye asili ya Afrika, tofauti za jeni ni nyingi zaidi na vipande vinavyorithiwa pamoja ni vifupi, hivyo chipu iliyopangwa kwa Wazungu huacha mapengo na makadirio huwa dhaifu. Kundi rejea la 1000 Genomes lina watu 2,504 kutoka jamii 26, na limesaidia sana, ila kwa aleli adimu halitoshi peke yake.

Nimeileta mezani kazi ya Kilifi iliyochapishwa 2016, kwa watoto wa Kenya zaidi ya 5,000, wagonjwa na wazima. Ilihusu kuugua, si kupona: nani anapata nyumokoka, bakteria wanaosababisha nimonia, ndani ya damu. Walipata aleli kwenye jeni isiyotengeneza protini, ambayo ilionekana ikifanya kazi kwenye nyutrofili tu. Ilikuwa kwa 2.7% ya aleli za watoto wa kulinganisha na 6.4% za wagonjwa, na hatari ilipanda zaidi ya mara mbili. Aleli hiyo ni ya watu wenye asili ya Afrika peke yao. Ungewapima Wazungu milioni moja usingeiona.

Tumeamua kuchambua kila asili kivyake kisha kuunganisha matokeo, bila kumwondoa mtu kwa sababu tu yuko mbali na kitovu cha mchoro unaowapanga watu kwa asili zao. Zamani nimeona wagonjwa wakifutwa kwa mstari mmoja wa msimbo kwa jina la usafi wa data. Kwetu, kila atakayeondolewa ataandikiwa sababu.

Juni, mwanzoni

Daktari wa wodi ameuliza jambo la haki: tukizipata jeni hizi, zitamsaidiaje mgonjwa? Hakuna anayebadilisha jeni za mtu aliye kwenye mashine ya kupumulia.

Jibu langu ni dawa. Dawa nyingi zilizolenga kurekebisha mwitikio wa kinga katika sepsisi zimeshindwa. Hata iliyowahi kuidhinishwa, protini C hai iliyotengenezwa maabara, iliondolewa sokoni 2011 baada ya jaribio la baadaye kuonyesha haipunguzi vifo. Jeni zinaweza kutuonyesha mapema ni mlango upi wa kugonga. Wapo watu waliozaliwa na kipokezi cha IL-6, protini inayopeleka ishara za kinga, kinachofanya kazi kwa unyonge kidogo, kana kwamba wanaishi na dozi ndogo ya dawa ya kukizuia. Uchambuzi wa 2023 uliotumia UK Biobank, hifadhi ya data za afya na jeni ya Uingereza, uliona kwamba wenye urithi wa aina hiyo walipata sepsisi kidogo zaidi na kufa nayo kidogo zaidi. Na dawa ya kukizuia kipokezi hicho, tosilizumabu, ilikwisha kupimwa kwa wagonjwa wa COVID-19 waliolazwa wakiwa na upungufu wa oksijeni katika jaribio la RECOVERY: vifo vya siku 28 vilikuwa 31% dhidi ya 35%. Hilo bado si sepsisi ya bakteria, lakini ndiyo njia ninayotaka tuifuate.

Akaniuliza pia kuhusu steroidi, anazoziandika kila wiki. Hapo jeni za kurithi zinakutana na jeni zinazowaka na kuzimika wakati wa ugonjwa. Kazi ya 2016 iliwagawa wagonjwa makundi mawili kwa kuangalia jeni zipi zinafanya kazi ndani ya chembe nyeupe. Kundi la kwanza lilikuwa na kinga iliyochoka na vifo vingi zaidi. Walipoyarudia majibu ya jaribio la VANISH kwa mtazamo huo, haidrokotisoni, ambayo ni steroidi, iliendana na vifo zaidi kwa kundi la pili, lile lenye kinga inayofanya kazi vizuri. Ni uchambuzi wa baada ya jaribio, haubadilishi maagizo ya leo. Umenitosha kuongeza kwenye itifaki mrija wa RNA, inayoonyesha jeni zipi zinafanya kazi, kwa kila mgonjwa, na saa yake kuandikwa kwa dakika.

Juni, katikati

Kamati ya maadili imekubali mabaki ya damu ya mapokezi, kwa masharti: muda wa kuhifadhi bila ridhaa uwe na kikomo, funguo za friji ziwe kwa mtu asiye wa utafiti, na ndugu wa marehemu wasiombwe chochote siku za msiba. Tumeyapokea yote.

Mpango wa uchambuzi umefungwa leo na kutiwa tarehe. Umebeba muda hadi kifo kwa modeli ya Cox yenye kuingia kwa kuchelewa, vyanzo vya maambukizi kivyakevyake, asili kivyakevyake, marudio bila alama za ini na chembe sahani, uzito kwa sampuli zilizokosekana, na swali la kuugua kwa kila eneo litakalovuka kizingiti.

Rejista mpya ina safu ambayo ya zamani haikuwa nayo: sababu ya kukosa sampuli, inayojazwa na muuguzi wa zamu saa hiyo hiyo. Muuguzi mkuu amependekeza isiruhusiwe kuachwa tupu hata mgonjwa akiishi dakika kumi tu baada ya kupokelewa, na fomu imepangwa hivyo. Zamu ya usiku ndiyo itakayoanza nayo.